Shajara ya Mradi: Kufufua Bana ya Dizeli ya Tanuri la Mikate, Malindi

Shajara hii inahusu bana ya dizeli, yaani kichomea kinachotoa moto, ya tanuri la kuokea mikate lililo uani kwetu, mtaa wa Barani, Malindi. Mke wangu na dada yangu hulitumia kuoka boflo, mkate wa sinia na keki za harusi. Bana tuliinunua pamoja na tanuri lake, vyote vikiwa vimeshatumika, Mtaliano mmoja alipofunga mgahawa wake wa piza. Kitabu cha maelekezo kilichokuja nayo kimeandikiwa watu wa nchi za baridi, ambako bana ya namna hii hufungwa kwenye tanuri la kupasha nyumba joto na hutazamwa na fundi mara moja kwa mwaka kabla ya majira ya baridi kuingia. Hapa kwetu hakuna anayetafuta joto la ziada, lakini kifaa ni kile kile, na anayekosekana ni fundi wa kukitazama. Ninaandika ili mwenye tanuri kama hili, awe Malindi, Watamu au Lamu, apate pa kuanzia.

Utendaji wake si mgumu kuuelewa. Mota moja huzungusha feni na pampu kwa pamoja. Pampu huvuta dizeli kutoka kwenye pipa na kuisukuma hadi kwenye nozeli, yenye tundu dogo mno, na dizeli hutoka humo kama ukungu unaozunguka. Elektrodi mbili hurusha cheche ya zaidi ya volti 10,000 pembeni mwa ukungu huo. Jicho dogo linalohisi mwanga huangalia kama moto umeshika. Lisipouona ndani ya sekunde 10 hivi, kisanduku cha kudhibiti hufunga mafuta, huzima mota na kuwasha taa nyekundu kwenye kitufe chake.

15 Juni 2025: Hali ilivyokuwa kabla ya kugusa chochote

Bana ilikuwa ikiwaka kwa kishindo, ikitoa moshi mweusi mwanzoni na mwingine mweupe wenye harufu kali baada ya kuzimwa, na mchana upepo ukizidi ilikuwa ikijizima yenyewe. Fundi aliyeitwa mwaka jana aliigeuza skrubu ya hewa, ile ya kuongeza au kupunguza hewa ya bana, moto ukatulia kwa muda, kisha mambo yakarudi kuwa mabaya kuliko awali.

Kilichonifanya niache kungoja fundi mwingine ni mlango wa tanuri kufunguka kwa nguvu alfajiri moja, wakati kijana anayetusaidia alipokuwa akiibonyeza tena na tena ile taa nyekundu. Kila ubonyezo ambao moto haukushika ulikuwa umeacha dizeli ndani ya chumba cha moto, na cheche ilipofanikiwa hatimaye iliyawasha mafuta yote yaliyolundikana kwa mkupuo mmoja. Hakuumia mtu. Tangu siku hiyo kuna karatasi ukutani inayosema kwamba kitufe chekundu hakibonyezwi zaidi ya mara mbili. Baada ya hapo umeme unakatwa na chumba cha moto kinachunguliwa kwa tochi. Yeyote atakayeiga kazi hii aanze na karatasi hiyo.

Kipimo cha kuanzia nilikipata kwa kuitoa bana kwenye pipa na kuipa mafuta kutoka kwenye jerikeni iliyowekwa alama za lita, kisha kuiacha iwake saa nzima bila kukatika. Ilikunywa lita 4.2. Dizeli mjini ilikuwa imepita shilingi 160 kwa lita, na bei mpya hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta ya Kenya, kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hiyo nimeandika lita badala ya shilingi ili hesabu isiharibiwe na matangazo.

22 Juni: Kuifungua na kuisafisha

Umeme ulikatwa kwenye swichi kuu, si kwenye swichi ya bana peke yake, na mafuta yakafungwa kwenye pipa. Bana huchomoka kwa boliti chache na kuning'inia kwenye bawaba yake. Masizi yaliyokuwa ndani ya chumba cha moto yalijaa ndoo, laini kama wanja. Kuyasafisha ni kazi ya brashi na barakoa, sitairefusha.

Feni ndiyo inayostahili maneno. Mapezi yake madogo yamepinda kama kijiko, na kila kijiko kilikuwa kimejaa ukoko wa rangi ya kijivu ulioshikamana kama udongo wa tofali. Niliukwangua kwa kijiti nikaulowesha maji, ukawa kinata: ulikuwa unga wa ngano uliochanganyika na mvuke wa mafuta. Bana ilikuwa imekaa hatua chache kutoka kwenye meza ya kukandia, ikivuta hewa ileile ambayo unga hupeperuka. Feni iliyojaa namna hiyo haiwezi kupeleka hewa ya kutosha, na fundi aliyefungua skrubu ya hewa alikuwa akifidia unga bila kuutambua.

Keramiki za elektrodi hazikuwa na ufa. Nafasi kati ya ncha mbili ilikuwa imepanuka kwa kuliwa na cheche hadi karibu milimita 6. Niliirudisha kwenye milimita 4 zinazotakiwa na kitabu. Kila bana ina vipimo vyake vya elektrodi, ikiwemo umbali wa juu na wa mbele ya nozeli, na si busara kuazima vya bana nyingine.

Nozeli ya zamani ilikuwa na maandishi kwenye ubavu wake: 1.00 na digrii 80. Kibandiko cha tanuri kinataka 0.75 na digrii 60. Namba ya kwanza ni galoni za Kimarekani kwa saa kwenye presha ya psi 100, yaani karibu baa 7. Ya pili ni upana wa ukungu. Kuna aliyeweka nozeli kubwa kwa imani kwamba mafuta mengi ni joto jingi. Chumba cha moto cha tanuri hili ni kirefu na chembamba, na ukungu wa digrii 80 ulikuwa ukipiga kuta kabla haujamaliza kuungua, ndiyo maana masizi yalikuwa yameganda pembeni zaidi kuliko mwisho wa chumba.

5 Julai: Nozeli mpya, na ugonjwa ukabaki

Malindi sikupata nozeli, hivyo niliagiza Mombasa. Duka liliniletea ya 0.75 lakini ya digrii 80, likanihakikishia kwamba digrii si kitu. Ni kitu. Haikurudishwa kwa kuwa kifuko chake kilikuwa kimeshafunguliwa, na nikalazimika kununua ya pili kwa shilingi 2,800 nyingine. Anayeagiza kwa simu atume picha ya maandishi ya nozeli anayoitaka na asikubali kutumiwa kabla hajapigiwa picha ya kile kinachofungwa.

Nozeli hushikwa kwa ubavu tu. Uso wake wenye tundu hauguswi kwa kidole wala hauzibuliwi kwa sindano, kwa sababu mkwaruzo usioonekana kwa macho unatosha kupindisha ukungu. Ikiziba, hubadilishwa.

Baada ya kuifunga, kishindo kilipungua na moshi mweusi wa mwanzo ukawa mwepesi. Hata hivyo moto ulikuwa ukipumua, ukirefuka na kufupika, na baada ya kuzimwa nozeli iliendelea kudondosha mafuta kwa muda, nayo yakatoa ule moshi mweupe. Nilichungulia kwa kioo kidogo cha kunyolea na nikaona matone yakitoka moja moja hali vali ya umeme inayokata mafuta imeshafungwa. Wengi hapa wangebadilisha vali. Kabla ya kutoa pesa hizo nilimwita ami yangu, ambaye amekula umri wake katika mashine za dizeli za mashua.

13 Julai: Hewa ndani ya njia ya mafuta

Ami hakuitazama bana. Alitazama bomba linalotoka kwenye pipa, akasema, “Mwanangu, mashine ikikohoa usiilaumu nozeli kabla hujaujua mpira unaoinywesha.”

Maelezo yake yanafaa kuandikwa kwa kirefu. Kati ya pipa na pampu mafuta hayasukumwi, yanavutwa. Kwa hiyo kiungo kilicholegea upande huo hakidondoshi dizeli nje ili mtu aione; kinafyonza hewa ndani, na bomba linabaki kavu na safi kana kwamba halina kasoro. Hewa hiyo hupita kwenye pampu, hubanwa na presha, na nyingine hukaa nyuma ya nozeli. Vali inapofungwa presha hushuka, kiputo kilichobanwa hutanuka, na kutanuka kwake ndiko kunakoyasukuma matone nje ya nozeli. Vali ilikuwa nzima muda wote.

Ushahidi tuliupata kwa kufunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, urefu wa mkono, kati ya chujio na pampu. Bana ilipowashwa, viputo vilipita humo vikifuatana, vingine vidogo kama punje za mtama, na kila vilipokuja vingi moto ulifupika. Kujua vinaingilia wapi kulihitaji grisi tu. Tulianza kwenye kiungo cha karibu na pipa, tukakipaka grisi nene pande zote, tukatazama mpira. Viputo vikiendelea, tunahamia kiungo kinachofuata. Vilikatika tulipopaka viungo viwili vya chujio.

Viungo hivyo vilikuwa vimezungushiwa mkanda mweupe wa mafundi wa maji. Mkanda huo haufai kwenye njia ya dizeli ya bana. Nyuzi zake hukatika wakati wa kukaza, huingia ndani na kusafiri mpaka mahali penye tundu dogo kuliko pote. Nilipofungua kifuniko cha pampu nilizikuta zimejiviringisha kwenye kichujio chake cha ndani, nyeupe, laini, kama nyuzi za nazi zilizolowa. Bomba lenyewe lilikuwa la maji, la chuma kilichopakwa zinki, na nilipolipasua kwa msumeno lilikuwa na utando mweupe unaoteleza kama sabuni. Zinki ikikaa na dizeli kwa muda mrefu hufanya hivyo, na utando ukibanduka huenda kuziba vichujio.

Tulilitupa lote. Tumeweka bomba la shaba lisilo na kiungo katikati, lenye ncha zilizopanuliwa kwa kifaa cha mafundi wa friji na kukazwa kwa nati za shaba nyeupe, bila mkanda na bila gundi. Ncha ya kwanza ilipasuka wakati wa kuipanua kwa sababu shaba ilikuwa ngumu. Fundi wa friji wa mtaani alituonyesha kuipasha moto kwanza hadi iwe nyekundu kidogo, kuiacha ipoe, kisha kuipanua, na zilizofuata hazikupasuka. Chujio jipya lina kikombe cha kioo, nami nakipendekeza kwa yeyote, kwa kuwa kikombe cha chuma hakimwambii mtu lolote mpaka kifunguliwe.

Hewa iliyobaki ilitolewa kwa kulegeza skrubu ya kupumulia iliyo kwenye pampu, chombo cha kukingia kikiwa chini yake, mpaka povu likakatika na mafuta yakatoka mazima. Moto uliacha kupumua jioni hiyo hiyo, na matone yakakoma.

20 Julai: Pipa

Kioo cha chujio kilileta habari mpya baada ya siku chache tu: tabaka la maji chini ya dizeli, na mpakani mwake utelezi wa rangi ya kahawia. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini, na bomba letu lilikuwa likivuta kutoka chini kabisa. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Usiku pipa hupoa, unyevu ulio juu ya mafuta hugeuka matone kwenye kuta na kuteremka. Pipa lililojaa nusu kwa wiki nyingi hukusanya zaidi, kwa kuwa lina hewa nyingi. Ule utelezi ni vijidudu vinavyoishi mpakani, vikila dizeli na kunywa maji.

Pipa lilimwagwa, likasuguliwa, likaachwa juani mpaka likakauka. Sasa limeinamishwa kidogo kuelekea upande wenye vali ya kumwagia maji, na bomba la kuvuta limepandishwa upana wa vidole vinne kutoka chini. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kazi, vali hufunguliwa mpaka dizeli safi itoke.

Nimeacha pia kununua dizeli ya madebe ya kando ya barabara. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli hayaonekani kwa jicho, na uchanganyaji huo ulikuwa na faida kiasi kwamba mwaka 2018 Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuiua. Moto wenyewe huenda usilalamike, lakini pampu hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake na haina oili nyingine, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo.

27 Julai: Presha

Geji ya kupimia presha, ya baa 0 hadi 25, ilifungwa kwenye tundu lake la pampu. Kabla ya kubadilisha bomba nilikuwa nimeipima presha nikapata baa 8.5 na mshale unaotetemeka. Sasa mshale ulisimama kwenye 10 bila kutikisika. Kitabu kinataka 12, na skrubu ya presha ilizungushwa taratibu mpaka hapo.

Hapa ipo hesabu inayochanganya watu. Kinachopita kwenye nozeli hakiongezeki sawasawa na presha, bali kwa kipeuo chake cha pili: presha ikizidishwa mara nne, mafuta huzidi mara mbili tu. Nozeli ya 0.75 kwenye baa 7 hupitisha lita 2.8 kwa saa. Kwenye baa 12 hupitisha kama lita 3.7. Ile ya 1.00 kwenye baa 8.5 ilikuwa ikipitisha lita 4.2, sawa kabisa na nilichopima kwa jerikeni mwezi Juni. Nozeli ndogo yenye presha ya juu hutoa matone madogo zaidi, nayo huungua kabla ya kufika ukutani.

10 Agosti: Dohani na upepo wa kusi

Kazi yote hiyo haikuizuia bana kujizima mchana. Asubuhi iliwaka vyema. Kusi ikishika kasi baada ya adhuhuri, moto ulianza kunguruma, moshi ukarudi kupitia tundu la kuchungulia, na jicho likakata.

Sikuwa na kifaa cha kupimia mvuto wa dohani. Nilitumia ubani. Chetezo kikishikwa mbele ya tundu la kuchungulia, bana ikiwa imezimwa na tanuri bado lina moto, uzi wa moshi unatakiwa uingie ndani moja kwa moja. Asubuhi uliingia. Alasiri uliingia, ukasita, ukarudishwa usoni mwangu, ukaingia tena, kwa kufuata kila mbubujiko wa upepo. Dohani ilikuwa imetokezwa kwenye ukuta wa upande wa kusini, ikaishia chini ya usawa wa kipaa. Upepo unaogonga ukuta huo hauna pa kwenda ila kujisukuma ndani ya bomba.

Jaribio la kwanza lilikuwa bamba la bati lililosimamishwa upande wa kusi ili kuikinga midomo ya dohani. Lilifanya hali kuwa mbaya zaidi, kwa sababu upepo ulizunguka nyuma ya bamba na kushuka kwa kizunguzungu. Liliondolewa siku iliyofuata.

Kilichofaa ni kuipandisha dohani mpaka ipite kilele cha paa kwa zaidi ya sentimita 60, na kuiwekea kofia ya mabomba mawili yaliyosimama pembeni, mfano wa herufi H, ambayo hutoa moshi juu au chini upepo uwe wa kusi au wa kaskazi. Dohani ya zamani ilikuwa ya mabati na mshono wake ulikuwa umetobolewa na kutu kiasi cha kupitisha kidole. Mchomeleaji alidai kwamba imeliwa na salfa ya dizeli. Sikubaliani naye kabisa, kwa kuwa tangu 2015 dizeli inayouzwa Kenya ina kikomo cha sehemu 50 za salfa kwa milioni. Kutu ilikuwa nzito zaidi upande wa nje unaotazama bahari kuliko ndani. Mpya ni ya chuma cha pua, na ina mlango wa kusafishia chini kabisa. Ndicho kitu cha ghali kuliko vyote katika mradi huu, na kama ningeambiwa nichague kimoja tu baada ya bomba la mafuta, ningekichagua hicho.

17 Agosti: Kupima moshi, kisha hewa

Sasa tu ndipo skrubu ya hewa ilipoguswa. Kuigusa mapema kungekuwa kuficha ukoko wa feni, viputo vya bomba na upepo wa dohani nyuma ya marekebisho mamoja, na kimoja kikibadilika yote yangeharibika, kama ilivyotokea kwa fundi wa mwaka jana.

Mafundi wa Ulaya huvuta moshi wa dohani kupitia karatasi nyeupe kwa pampu ya mkono, mivuto 10, halafu hulinganisha doa na kipimo cha Bacharach chenye madaraja 0 hadi 9, ambapo 0 ni karatasi safi na 9 ni nyeusi tititi. Pampu hiyo sikuipata. Nilichukua pampu ya baiskeli, nikakigeuza kikombe cha ngozi kilicho mwisho wa fimbo yake, nayo ikaanza kuvuta badala ya kusukuma. Mdomoni niliifunga bomba dogo la shaba linaloingia kwenye tundu la dohani, na katikati yake nati mbili zinazobana kipande cha karatasi ya kuchujia kahawa. Ujazo wake si sawa na wa pampu halisi, kwa hiyo daraja ninalosoma siwezi kulilinganisha na la mtu mwingine, lakini linatosha kulinganisha leo na jana.

Doa la kwanza, feni ikiwa safi na hewa ikiwa ilivyoachwa na fundi, halikuonekana kabisa. Watu hushangilia hapo, na si sahihi, kwa maana hewa iliyozidi nayo hutoa karatasi nyeupe, huku ikibeba joto la mikate kupeleka angani. Moto ulikuwa mfupi, mweupe, wenye kelele. Niliipunguza hewa kidogo kidogo, nikisubiri dakika tano kati ya marekebisho, mpaka doa la kijivu hafifu likatokea, kisha nikaiongeza tena mpaka likafutika na robo ya mzunguko ya ziada. Moto sasa ni wa manjano, ncha zake hazina weusi.

Karatasi safi haithibitishi kwamba hakuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kengele ya gesi hiyo imetundikwa kwenye chumba cha kukandia, na madirisha mawili ya juu yametolewa vioo yabaki wazi daima.

31 Agosti: Jicho, na kuhamisha pumzi ya bana

Wiki ya maagizo ya Maulidi ilipokaribia, bana ilianza kuwaka vizuri na kujizima baada ya sekunde chache huku moto ukionekana. Hiyo ni dalili ya jicho. Lilikuwa limefunikwa na vumbi jepesi la unga. Lilipofutwa likafanya kazi, kisha likakataa tena. Kwa mita, ukinzani wake gizani ulipita megaomu 1 na kwenye mwanga wa tochi ulishuka hadi omu mia chache, kama inavyotakiwa. Jipya lilikuwa limeshanunuliwa, nalo likakataa vilevile. Tatizo lilikuwa kwenye pini za soketi, zilizoota kutu ya kijani kwa chumvi ya hewa. Zilisuguliwa kwa msasa laini na kupakwa grisi ya umeme, na jicho la zamani likarudishwa kazini. Jipya ni akiba.

Unga nao ulihitaji dawa ya kudumu. Kitambaa mbele ya feni hakifai, kwani huziba kimyakimya na kuirudisha bana kwenye kukosa hewa. Bana imejengewa kasha la bati linalovuta hewa kutoka nje kupitia ukuta wa kaskazini, mdomo wa bomba ukiwa umeinamishwa chini mvua isiingie. Baada ya kulifunga nilirudia kipimo cha karatasi, maana kasha hubadilisha hewa, na nikalazimika kufungua skrubu kwa mzunguko mdogo zaidi.

14 Septemba: Gharama na matumizi

Nozeli mbili zilikuwa shilingi 5,600, ikiwemo ile ya digrii 80 isiyo na kazi. Chujio la kioo 1,900, bomba la shaba na nati zake 4,600, vali ya pipa 850, geji 1,800. Dohani na kofia yake zilifika 16,500, na mchomeleaji akalipwa 3,500. Pampu ya baiskeli 450, karatasi za kahawa 300, jicho 3,200, kengele ya gesi 3,900. Jumla ni shilingi 42,600. Bati la kasha lilikuwepo nyumbani, na ami alikubali kulipwa kwa mkate wa sinia.

Kwa jerikeni ileile, bana sasa inakunywa lita 3.7 kwa saa ya moto. Nusu lita kwa saa si tofauti ya kujivunia peke yake, lakini tanuri hufikia joto la boflo mapema kuliko zamani ingawa mafuta ni machache, kwa sababu kuta za chumba cha moto hazina koti la masizi. Dada yangu amelazimika kupunguza muda wa kuoka. Trei za kwanza ziliungua chini.

Yaliyobaki ni mawili. Kaskazi ikianza kuvuma, kipimo cha ubani kitarudiwa alasiri kwa siku kadhaa, kwa kuwa kofia ya dohani imejaribiwa kwa kusi peke yake, na mdomo wa bomba la hewa sasa umeelekea upande huo huo wa kaskazini. Ikionekana upepo unaisukumia bana hewa nyingi, mdomo utahamishiwa magharibi. Pili, mpira mfupi unaounganisha shaba na pampu ni wa zamani na umeanza nyufa ndogo karibu na nati. Mpya umeagizwa, safari hii picha ikiwa imetumwa kwanza.